Shajara ya Mradi: Dai za Kusawazisha Pete za Brasi, Kariobangi Light Industries

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mipini ya patasi kumi na mitatu imerudi karakanani tangu Krismasi, na yote ina kasoro moja: pete ya brasi (shaba ya njano) inayofunga shingo ya mpini, pale mkia wa patasi unapoingia kwenye mti, imelegea hadi inazunguka kwa kidole. Kiangazi cha Januari hukausha mbao upesi hapa Nairobi. Mkaratusi uliokerezwa wakati wa mvua za vuli ukinywea hata sehemu ndogo ya milimita, pete iliyokuwa imebana hugeuka bangili, na seremala wa Gikomba au wa Ngong Road anayegonga patasi kutwa nzima hana muda wa kumsikiliza fundi akimweleza habari za hali ya hewa.

Mti nitaushughulikia kwa kuukausha vizuri zaidi kabla ya kuukereza. Daftari hili ni la pete, na la dai, yaani kipande cha chuma chenye tundu maalumu ambamo pete husukumwa ili ibanwe hadi kipimo. Nimepima pete arobaini kutoka kwenye kopo nililodhani lina pete za aina moja, nikakuta vipenyo vya ndani vinatofautiana kwa zaidi ya robo milimita. Sababu iko wazi. Bomba jipya ninalonunua Industrial Area lina kipenyo cha nje cha milimita 22.00 na unene wa 1.25, na halibadiliki sana kutoka ncha hadi ncha. Bomba la chuma chakavu, ambalo bei yake ndiyo inayoiwezesha kazi hii kuleta faida, lina kipenyo cha kati ya 21.85 na 22.20, na unene wa kati ya 1.15 na 1.30. (La chakavu nanunua kwa wenye leseni tu na risiti naziweka, kwa sababu Sheria ya Chuma Chakavu ya mwaka 2015 ipo, na sote katika biashara hii tunakumbuka miezi ya mwanzo wa 2022 biashara hiyo iliposimamishwa nchi nzima.)

Ninachotaka ni pete yenye urefu wa milimita 25, kipenyo cha ndani cha 19.00, isiyozidi wala kupungua zaidi ya 0.03, na yenye bega mbele, yaani mdomo uliobanwa kuelekea ndani ili uushike mti usichomoke. Bega hilo liwe milimita 20 kutoka ukingo wa nyuma. Kulipata hilo kwenye leth, yaani mashine ya kukereza, pete moja moja, kunawezekana, lakini nikihesabu muda ninaona hasara tupu. Lazima pete zisukumwe ndani ya dai.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki hii nimesoma kila usiku. Watu waliolichunguza suala la kurudisha shaba katika kipimo kwa undani kuliko wote ni wapiga shabaha wanaojaza upya risasi za raifo, jambo ambalo Marekani ni la kawaida kabisa. Hapa Kenya silaha na risasi ni mambo ya leseni chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na mimi sina haja nazo; ninachokiazima kwao ni elimu ya shaba, maana ganda la risasi, kama pete yangu, ni bomba jembamba la brasi lenye bega.

Brasi ya maganda ina asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Bunduki ikifyatuka, ganda hutanuka hadi likagusa kuta za chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa, kisha hurudi kidogo tu, na ili litumike tena sharti lisukumwe ndani ya dai ya chuma kigumu. Wapo wanaochagua dai inayobana ganda zima kuanzia karibu na kitako hadi shingoni, na wapo wanaochagua dai inayobana shingo peke yake. Ya kwanza humhakikishia mtu kwamba ganda litaingia kwenye chemba bila kusumbua, lakini huichosha shaba zaidi. Ya pili huisumbua shaba kidogo, ila baada ya mizunguko kadhaa ganda huanza kukwama, na mtu hurudi kwenye ile ya kwanza. Kisha iko dai ya namna ya tatu, ambayo ndiyo iliyonikesha: mwili wake ni mmoja, lakini sehemu inayobana shingo ni ringi ya kubadilishwa. Mtu hupima kipenyo cha nje cha shingo ikiwa imeshika kichwa cha risasi, hutoa elfu moja au mbili za inchi, yaani milimita 0.03 hadi 0.05, na kinachobaki ndicho kipimo cha ringi atakayoichagua. Akibadilisha aina ya maganda, na unene wa kuta ukabadilika, hubadilisha ringi badala ya kununua dai nyingine.

Nimenakili pia onyo lao kuhusu bega. Wenye uzoefu hulirudisha bega la ganda nyuma kwa elfu moja au mbili za inchi tu kutoka lilipokuwa baada ya kufyatuliwa. Anayeiteremsha dai kupita kiasi hurudisha bega mbali mno. Ganda hunyooshwa upya kila linapofyatuliwa, shaba hupungua unene mahali pamoja juu kidogo ya kitako, na siku moja ganda hukatika vipande viwili ndani ya chemba. Pete yangu haibebi shinikizo la aina hiyo. Hata hivyo somo linanihusu: kina cha dai si jambo la kukadiria kwa jicho.

Jumatano, 12 Februari

Pamoja na kusoma yote hayo, nilianza kwa njia ya mkato, na imenigharimu siku mbili.

Nilikereza dai ya kipande kimoja kwa chuma laini, tundu la 21.40, mlango wenye mteremko, nikaifunga chini ya presi yetu ya jeki. Presi hiyo ni fremu ya chaneli niliyoichomelea mwenyewe na jeki ya gari ya tani 2. Pete nane za kwanza zilipita. Kijana wangu wa karakana alikuwa akipiga jeki, mimi nikipokea chini. Pete ya tisa ilifika katikati ikasimama. Jeki haina hisia; mkono unaopiga mpini wake hauwezi kujua kama shaba inateleza au inang'ang'ania, na tulipogundua, ukingo wa juu ulikuwa umekunjamana chini ya msukumio kama kofia iliyokaliwa.

Kijana akachukua kichomeo cha gesi. "Tuipashe moto, fundi, italegea." Nikamzuia. Brasi hutanuka kwa joto kuliko chuma cha pua na chuma cha kawaida, takribani mara moja na nusu ya chuma hiki, kwa hiyo pete iliyo ndani ya dai ikipashwa moto pamoja na dai yake huzidi kubana. Tulifanya kinyume chake: dai ililala kwenye friza ya jirani anayeuza maziwa, na asubuhi tukaweka washa iliyosagwa ikae kwenye ukingo wa pete, bolti ikapita katikati, kipande cha bomba nene kikawa kiti, nati ikakazwa polepole hadi pete ikatoka. Wanaojaza maganda wana kifaa chao cha kutoa ganda lililokwama, na kinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ya kuvuta kwa uzi wa bolti badala ya kugonga.

Nilipoliangalia tundu kwa tochi niliona michirizi ya rangi ya dhahabu imegandamana na chuma. Chuma laini na brasi vikisuguana bila kilainishi cha kutosha, brasi hujibandika, na kila pete inayofuata hukwaruzwa na mabaki ya iliyotangulia.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, ingawa halikupiga kelele. Pete nane zilizopita zilikuwa na kipenyo cha nje kilicholingana vizuri sana, 21.43 karibu zote. Kipenyo cha ndani kilikuwa kati ya 18.83 na 19.13! Nilikuwa nimesawazisha upande ambao mti hauugusi. Unene wa kuta, ambao dai haiwezi kuuona, wote ulikuwa umesukumwa ndani.

Alhamisi, 20 Februari

Uamuzi umefanyika, na ninauandika kwa kirefu kwa sababu ndio moyo wa mradi.

Kinachotawala ni kipenyo cha ndani. Kwa hiyo kazi itakuwa na hatua mbili kabla ya bega: kwanza pete ibanwe kutoka nje kwa ringi inayochaguliwa kulingana na unene wa ukuta, hadi tundu lake liwe dogo kidogo kuliko ninavyotaka, kisha pini ya chuma iliyosuguliwa ipite ndani na kulifungua hadi kipimo. Kwa namna hiyo pini inafanya kazi ndogo tu, na tofauti za unene zinabaki nje, mahali zisipodhuru. Kwa mipini yangu nimepanga tundu lifikie karibu 18.92 kabla ya pini. Ukuta wa 1.25 ukihesabiwa mara mbili na kujumlishwa na 18.92 unatoa 21.42, nikitoa 0.03 ya mrudio wa shaba (kiasi inachojitanua tena ikishatoka kwenye ringi), ringi inayofaa ni ya 21.39. Ukuta wa 1.15 unadai ringi ya 21.19, na wa 1.30 unadai ya 21.49. Ringi nne, 21.20, 21.30, 21.40 na 21.50, zinatosha kwa bomba lolote ninaloletewa, na mwili wa dai unabaki mmoja.

Nilifikiria kununua ringi za kabaidi, ambazo huishi muda mrefu sana, lakini hazikerezwi kwenye leth ya kawaida, na kwa pete mia chache kwa mwezi gharama yake haina maelezo. Nimechagua chuma cha zana kinachozimwa kwa mafuta. Kila ringi imekerezwa ikiwa na mlango wenye mteremko wa nyuzi 10 kila upande, kisha sehemu iliyonyooka ya milimita 4 tu, halafu nyuma tundu limepanuliwa ili pete ikishabanwa ianguke huru. Mara ya kwanza nilikuwa nimeacha sehemu iliyonyooka ndefu mno, nikidhani urefu ni usahihi. Urefu ule ulikuwa msuguano mtupu.

Tundu niliacha pungufu kwa milimita 0.05, kwa kuwa chuma kikizimwa hubadilika kidogo na huwezi kujua kitaelekea upande gani. Tulizipasha ringi katika jiko la makaa lenye feni hadi sumaku ikaacha kuzishika, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selisiasi, tukaongeza joto kidogo zaidi, tukazizamisha kwenye mafuta ya moto-moto huku tukizikoroga. Tupa ilipoteleza juu yake kama juu ya kioo tulijua zimeshika ugumu. Kisha saa moja kwenye oveni ndogo ya umeme niliyoinunua kwa mitumba, nyuzi 200, hadi uso uliosafishwa ukapata rangi ya majani makavu.

Kumalizia tundu ni kazi ya subira. Kijiti cha mkaratusi kilichokerezwa kwa kipimo na kupasuliwa katikati, kikapakwa pesti ya kusagia valvu iliyotoka Kirinyaga Road, kinazunguka taratibu kwenye leth huku ringi ikishikwa kwa mkono na kutembezwa mbele na nyuma, isitulie mahali pamoja hata kidogo. Pesti ya chembe kubwa kwanza, ndogo baadaye, mwisho msasa namba 1200 wenye mafuta. Kijana ameifanya ringi ya 21.30 peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ndiyo inayong'aa kuliko zote nne.

Jumamosi, 1 Machi

Ringi ni nzuri, lakini pete za kwanza zimetoka zimeegemea upande, ukingo mmoja mrefu kuliko mwingine kwa karibu nusu milimita. Msukumio na dai havikuwa kwenye mstari mmoja. Nilijaribu kuvilinganisha kwa kalipa nikapoteza asubuhi nzima. Njia iliyofaa ni ile ya wapiga shabaha, ambao hukaza nati ya kufungia dai wakati ganda liko ndani yake na presi imebeba mzigo: nimelegeza bolti nne za kiti cha dai, nikaiingiza pete hadi nusu, dai ikajitafutia katikati yenyewe, ndipo nikazikaza bolti kwa kupishana, huku jeki ikiwa bado imesukuma. Tofauti ya ukingo sasa ni chini ya 0.1.

Kuhusu kilainishi nimejaribu vitu vitatu. Mafuta ya injini yaliyotumika, ambayo kila karakana ya jirani huyatumia kwa kila kitu, yameacha mikwaruzo. Sabuni ya kipande iliyochemshwa ikawa uji mzito imefanya kazi vizuri sana kwa ringi na kwa pini, na inaoshwa kwa maji tu. Si ajabu, kwa kuwa viwanda vya kuvuta waya vimetumia sabuni siku nyingi. Kwa bega, ambako shaba inabanwa zaidi, lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, iliyoyeyushwa kwenye spiriti ikapakwa kwa ncha ya kidole na kuachwa ikauke, haina mpinzani.

Isipokuwa ikizidi. Pete ya kwanza ya bega iliyopakwa kwa ukarimu ilitoka na vibonyeo vitatu vidogo vya mviringo, laini kama alama za kidole kwenye donge la unga wa ngano. Hakuna kilichoigonga. Mafuta yalinaswa kati ya shaba na dai, na kwa kuwa kitu cha majimaji hakibonyezwi kikapungua, shaba ndiyo iliyokubali. Nimetoboa tundu la milimita 1.5 kwenye kona ya bega la dai ili mafuta yatokee hapo, na nimemwambia kijana kwamba pete ikiacha alama ya mafuta kwenye karatasi ya gazeti, basi imepakwa kupita kiasi.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme haukuwepo kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni. Tumekata pete 120 kwa msumeno wa mkono na kuondoa makali ya kingo.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimepima mrudio. Nilichukua pete ishirini za bomba moja, kumi nikaziacha kama zilivyokuja kiwandani, ngumu, na kumi nikazilainisha kwa moto. Zote zilipita katika ringi ya 21.40. Zile ngumu zilitoka 21.47. Zile laini zilitoka 21.43. Chuma ni kilekile, mkono ni uleule, sabuni ni ileile. Hapo ndipo nimeelewa kwa nini kipimo kilichoandikwa kwenye dai hakitoshi kumwambia mtu atapata nini: nusu ya kipimo imo katika dai, na nusu imo katika hali ya shaba inayoingia. Anayenunua ringi nzuri akasukuma ndani yake mchanganyiko wa pete ngumu na laini atapata mchanganyiko wa vipimo, kisha atailaumu ringi.

Kwa hiyo kila pete sasa inalainishwa kabla ya kuingia. Tunafanya kazi hiyo kwenye kona yenye giza, mlango wa mabati umefungwa nusu, kwa sababu rangi ya joto haionekani juani. Pete inazungushwa kwenye mwali wa gesi, juu ya fimbo ya chuma, hadi ule wekundu hafifu kabisa unapojitokeza, ndipo inadondoshwa kwenye ndoo ya maji. Brasi haikazwi na maji kama chuma; maji ni ya kuokoa muda tu. Jambo la kuogopa ni kuzidisha: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na shaba iliyopashwa mno hutoa moshi mweupe usiofaa kuvutwa na binadamu, na uso wa pete ukibanwa baadaye hukwaruza kama ganda la chungwa. Uchafu mweusi unatoka kwa kulowekwa kwenye maji ya ndimu yenye moto.

(Pete isipimwe ikiwa bado na joto. Ile niliyoipima mara tu baada ya kuoshwa kwa maji ya moto ilinidanganya kwa milimita 0.015, nikakaribia kuisaga ringi isiyo na kosa.)

Kina cha bega kimechukua mchana wote. Niliteremsha dai hadi ikagusa kizuio, presi ikiwa tupu, nikapata kipimo kamili. Nilipotia pete, bega lilikaa kwenye 20.4 badala ya 20. Fremu yangu hunyooka chini ya mzigo, na kizuio kilichogusana vizuri presi ikiwa tupu hakigusani tena shaba inapokataa. Nimepanga upya, pete ikiwa ndani na jeki ikiwa imesukuma kikamilifu, na tofauti iliyobaki nimeifuta kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya kujazia nafasi, zilizokatwa kutoka kwenye mkebe wa soda, ambao bati lake lina unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita na hukatwa kwa mkasi. Shimu mbili zilikuwa nyingi, moja ilikuwa pungufu kidogo, na nilibaki na moja iliyosuguliwa pamoja na kipande cha karatasi ya daftari. Pete kumi mfululizo: bega kati ya 19.95 na 20.05.

Pini ya mwisho ina kipenyo cha 19.03, na tundu la pete hurudi hadi 19.00. Nimekereza pia vipimio viwili, kimoja cha 18.98 ambacho lazima kiingie na kimoja cha 19.04 ambacho lazima kikatae, ili kijana asihitaji kusoma maikromita kwa kila pete.

Jumamosi, 15 Machi

Mipini 96 imeondoka kwenda kwa maseremala kumi na mmoja. Hakuna pete hata moja inayozunguka.

Jumamosi, 26 Aprili

Seremala mzee wa Ruai amekuja na mipini yake sita ndani ya mfuko, akaipanga juu ya meza bila neno, kisha akasema, "Fundi, pete zako zimepasuka zenyewe. Sijagonga hata moja. Bado nilikuwa sijazitia patasi."

Nne kati ya sita zilikuwa na ufa mwembamba, ulionyooka kutoka ukingo wa nyuma hadi kwenye bega, kama umechorwa kwa wembe. Nilizikagua kwa lenzi. Shaba haikuwa imekonda, na hapakuwa na alama ya pigo. Niliwapigia simu wengine kumi. Hakuna aliyeona ufa wowote. Ndipo nikamuuliza, "Uliiweka wapi hii mipini, mzee wangu?"

"Bandani, kwa kuku. Ndipo penye kufuli."

Nilikaa kimya, kwa maana jambo hili nililisoma mwezi Februari nikalipita, nikidhani ni historia. Jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda yake ya risasi yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, yakiwa yamehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Brasi iliyobanwa kwa dai hubaki na mkazo ndani yake, kama upinde ulioachwa umevutwa, na amonia inayotoka kwenye mkojo na samadi, ikichanganyika na unyevu, huipasua pale mkazo ulipo. Mvua za masika zimeanza, na banda la kuku lina amonia ya kutosha. Pete zangu zilitimiza masharti yote matatu.

Nimemwomba radhi na nimempa mipini mingine sita, na nimemsihi aiweke ndani ya nyumba mpaka nitakapomwambia vingine.

Jumanne, 6 Mei

Nimefanya majaribio mawili. La kwanza: nimeipasua pete iliyokamilika kwa msumeno mwembamba, kwa urefu, ili nione itafanya nini ikifunguliwa. Ilijipanua yenyewe msumeno ulipomaliza, kipenyo kikatoka 21.45 kikawa 21.61. Huo ndio mkazo uliokuwa umefungwa ndani yake, na unaonekana kwa macho. Nyingine niliitia kwenye oveni kwa saa moja, nyuzi 260, kisha nikaipasua vilevile: ilisogea kwa 0.02 tu. Joto hilo halilainishi shaba, maana ugumu ambao dai imeuongeza unabaki, na kipimo cha tundu hakikubadilika kiasi ambacho vipimio vyangu vingekigundua.

Jaribio la pili limechukua siku tisa. Ndani ya ndoo yenye kifuniko niliweka samadi mbichi ya kuku yenye unyevu, na juu yake, kwenye wavu, pete tano zilizopita kwenye oveni na tano zisizopita, nikizitofautisha kwa alama ya tupa. Leo nimefungua. Zote kumi zimegeuka rangi ya udongo wenye madoa ya bluu. Kati ya zile zisizopita kwenye oveni, tatu zina ufa. Zilizopita hazina hata moja.

Kwa hiyo oveni sasa ni hatua ya mwisho ya kila pete, baada ya bega, kabla ya kung'arishwa. Pete 60 huingia kwa mara moja, na waya wa kupimia joto unakaa katikati yake, kwa sababu kitufe cha oveni husema 260 wakati ndani ni 235.

Jumamosi, 17 Mei

Mipini yote 96 imeitwa irudi, na 81 imefika. Nazivua pete, nazitia kwenye oveni, kisha nazirudisha kwenye mpini uleule, kwa kuwa pini na vipimio vinathibitisha kwamba tundu bado ni 19.00. Mzee wa Ruai amechukua sita zake leo asubuhi, na ameniambia kufuli ya banda ataihamishia kwenye kabati hata hivyo.

Ringi ya 21.20, ambayo imefanya kazi kuliko zote kwa sababu bomba la chakavu la mwezi huu ni jembamba, sasa inasoma 21.22. Sijui kama imechakaa au niliisaga kupita kiasi nilipoiondolea mikwaruzo wiki iliyopita, kwa hiyo nimemwomba kijana akereze nyingine Jumatatu, tundu lianzie 21.15, na safari hii aandike kipimo kabla na baada ya kila hatua ya pesti.